Kinyonga Aliyegeuzwa Ukutani

Kinyonga wa kwanza alirudishwa kiwandani akiwa amebabuka kama mtu aliyemwagikiwa maji moto. Memsahibu mmoja wa Njoro alimleta mwenyewe, amemfunga katika gazeti, akamtua juu ya meza ya mzungu mwenye kiwanda, Bwana Upesi, bila hata salamu. Rangi ya kijani ilikuwa imeachana na mgongo, inaning'inia vipande vipande, na chini yake plasta ilikuwa na unyevu na imeota ukungu.

Dalmas Ogola aliyaona hayo kutoka kwenye pipa lake la kukorogea, akainamisha kichwa. Alijua kwa nini kinyonga amebabuka. Alijua kama mpishi ajuavyo kwa nini ugali wake ni mbichi.

Kiwanda chenyewe kilikuwa banda la mabati nyuma ya stesheni ya Nakuru. Kilitengeneza sanamu ndogo za wanyama, mwili wa plasta iliyochanganywa na udongo mweupe wa Kariandusi ili zisiwe nzito, juu zikapakwa rangi. Wazungu wa mashambani walizikusanya kama watoto wanavyokusanya vifuniko vya chupa. Mwezi huu tembo, mwezi ujao kobe, mwezi mwingine heroe wa ziwani amesimama kwa mguu mmoja, na mtu akipungukiwa na mmoja kabatini mwake hakuwa na raha. Aliyetafutwa kuliko wote ni kinyonga. Wafanyakazi hawakuelewa. Pale bandani palikuwa na Wajaluo, Waluhya na Wanandi, na kila kabila lilikuwa na lake baya la kusema juu ya kinyonga. Lakini mwenye pesa hukata nguo apendavyo.

Wakati wa Gachanja, kinyonga hakuwa akibanduka rangi. Gachanja alikuwa fundi mkuu, mzee mfupi asiyependa maneno. Sanamu ikitoka kwenye kalibu aliianika kivulini mpaka akiigonga kwa ukucha ilie kama chungu kilichochomwa. Isipolia, haiendi mbele, hata Bwana Upesi apige kelele namna gani. Kisha ilipakwa maji ya gundi, ikangojwa. Kisha mkono mweupe, yaani rangi nyeupe ya chini, ikangojwa tena. Ndipo ikapata rangi ya mafuta, ile iliyotoka ng'ambo kwa mikebe. Usimvike mtu nguo kabla hajakauka maji, ndivyo alivyokuwa akisema.

Halafu ikaja Hali ya Hatari, serikali ikiwasaka Mau Mau. Asubuhi moja askari walifika na malori, wakawazoa Wakikuyu wa lokesheni, mtaa wa Waafrika, na Gachanja akapandishwa akiwa bado amevaa aproni yake ya kazi. Hakuonekana tena. Bwana Upesi alitazama huku na huku, akamnyooshea kidole Ogola, ambaye kazi yake ilikuwa kuchekecha udongo, akamwambia kuanzia leo yeye ndiye nyapara wa kukoroga.

Ogola hakuuliza Gachanja amepelekwa wapi. Unyapara ulikuja na chumba lokesheni, chumba chenye mlango wa kufungika na paa lisilovuja, na chumba kilimwezesha kumtoa mke wake kijijini kwao Gem. Hilo ndilo alilolitaka kuliko unyapara wenyewe. Mke wake Achola alikuwa ameharibikiwa na mimba moja baada ya nyingine, na kule nyumbani mama yake Ogola alikuwa ameanza kumtaja taja msichana fulani wa Yala mwenye nyonga pana. Achola alipofika Nakuru, mbali na kisima na kuni na maneno ya mama mkwe, mimba ikashika. Ikapita pale zile nyingine zilipokuwa zikianguka. Ikaanza kuonekana. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini Ogola aliweka kiganja juu ya tumbo lile na kungoja apigwe teke, na asipopigwa alikuwa radhi kuchelewa.

Na kama ilivyo kwa wanawake wa kwao wakiwa na mimba, Achola alitamani odowa. Hilo ni jiwe laini la udongo, linauzwa sokoni kote upande wa ziwa kubwa, na mja mzito hulitafuna kama mtu mwingine anavyotafuna muwa. Nakuru halikupatikana. Mama aliyekuwa akilileta kwa treni kutoka Kisumu alikuwa amechoka kusumbuliwa na askari wa kukagua vipande, akaacha. Basi Ogola akamletea mkewe mabonge ya udongo wa Kariandusi, meupe na makavu. Achola alionja, akafumba macho.

"Ja-Gem," alisema, akimwita mumewe kwa jina la kwao, "hii imeshinda ya kwetu. Ni kama kula mvua."

Ogola akawa anamletea kila mara, amefunga katika leso. Akamwambia ndiyo hiyo hiyo iliyo ndani ya sanamu za wazungu, kwa hiyo yeye Achola anakula kile ambacho memsahibu anakitazama tu kabatini. Walicheka sana.

Wakati huo kazi bandani ilikuwa imebadilika. Jina la Bwana Upesi halikutoka hewani. Neno hilo ndilo lililokuwa Kiswahili chake, mengine yalikuwa ya kujazia tu. Kwanza aliondoa kivuli. Sanamu zikapangwa kando ya jiko la makaa zikauke juu juu, ndani zibaki na maji yake. Kisha akaondoa maji ya gundi. Kisha akaondoa mkono mweupe, akauliza nani ataona kilicho chini ya rangi. Ogola alinung'unika kidogo mwanzoni. Lakini alikumbuka chumba chenye mlango wa kufungika, na kunung'unika kwake kukaishia kooni.

Maonyesho ya wakulima yalipokaribia, oda za vinyonga zikamiminika, na rangi ya kijani ya mafuta ikaisha. Badala ya kuagiza nyingine, Bwana Upesi alimtuma Kipkemei na mkokoteni wa punda kwenye shamba moja la Solai. Kipkemei alikuwa Mnandi mrefu, mtu wa mzaha, na punda wake alikuwa amempa jina la chifu wa kwao. Siku hiyo alirudi bila mzaha. Alishusha madebe ya unga wa kijani uliokoza, kijani kizuri ajabu kama majani baada ya mvua ya kwanza, na alikuwa amefunga kitambaa puani.

"Nyapara, hii kitu mimi naijua," alimwambia Ogola. "Wakati wa nzige tulikuwa tunachanganya na pumba, tunamwaga kwa shamba. Nzige ikakufa. Kanga wakakula nzige, wakakufa. Mbweha akakula kanga."

"Na mbweha?"

"Wacha maneno ya mbweha. Wewe funga mdomo na pua kama mimi."

Ogola alikwenda kwa Bwana Upesi. Alivua kofia, akaeleza kwamba watu wanasema unga ule ni sumu. Bwana Upesi hakukasirika. Alicheka, akasimama mlangoni ili banda zima lisikie.

"Sumu kama nakula," alisema. "Nani nakula sanamu? Wewe nakula? Memsahibu nakula? Haya, upesi."

Watu wakacheka. Ogola naye akacheka. Ilikuwa kweli, nani anakula sanamu?

Alikoroga ule unga na gundi ya ngozi na maji, kwa kuwa mafuta nayo yalikuwa yameondolewa. Ukatoa kijani ambacho hata Gachanja hakuwahi kukitoa. Wanawake wa meza ya rangi wakakishangilia. Aliyeshika brashi ya macho alikuwa Eucabeth Makokha, wenzake wakimwita Mama Zeddy, mjane wa mfanyakazi wa reli. Jicho la kinyonga lina duara ndani ya duara, na brashi yake lazima iwe na ncha kama mwiba, na ncha hiyo Mama Zeddy aliipata kwa kuilamba. Ogola alimwomba aache. Mama Zeddy alimjibu kwamba akiacha, vinyonga wote watakuwa na macho ya mlevi wa busaa, na Bwana Upesi atamfukuza yeye, hatamfukuza Ogola. Akachovya, akalamba, akapiga duara.

Baada ya wiki chache, mtu aliyefagia bandani asubuhi alikuwa akikuta nzi wamekufa chini ya rafu ya vinyonga. Chini ya tembo hawakuwapo. Chini ya kobe hawakuwapo. Mvua zilipoanza na banda likajaa unyevu, rafu ile ikatoa harufu ya kitunguu saumu. Hakuna aliyepika mle ndani. Watu walianza kula chakula chao cha mchana nje, hata mvua ikinyesha.

Baada ya yule wa memsahibu wa Njoro wakaja wengine, wamebabuka mgongo, wamebabuka uso. Bwana Upesi hakutaka kuwatupa. Alisema wapondwe, wachekechwe, warudishwe kwenye pipa pamoja na udongo mpya. Ogola alijaribu kuwakwangua rangi kwanza. Alipoambiwa upesi mara ya pili aliacha kukwangua, akawatia kwenye kinu wazimawazima. Unga uliotoka ulikuwa mweupe, ila ukiutazama kwa ubavu ulikuwa na kivuli cha kijani, kama maziwa yaliyoanza kuharibika. Kuanzia hapo kila kinyonga alikuwa na kinyonga mwingine tumboni.

Siku hiyo hiyo Ogola aliacha kumpelekea mkewe udongo. Udongo wa gunia na wa pipa ulikuwa umechanganyika, hakuwa na hakika tena upi ni upi, na juu ya mimba ile hakutaka kubahatisha. Lakini hakumwambia Achola sababu. Achola alikuwa mtu wa watu. Angemwambia jirani, jirani angemwambia mwingine bombani, na kabla ya Jumapili lokesheni yote ingejua kwamba nyapara Ogola anakoroga sumu ya nzige. Kwa hiyo alimwambia tu kwamba bwana amekataza, kwamba udongo sasa unafungiwa. Achola alisikitika. Alilamba midomo, akasema basi, atavumilia, mtoto ni wa kuvumiliwa.

Maonyesho yalipokwisha, Bwana Upesi alimgawia kila mfanyakazi kinyonga mmoja mwenye kasoro ndogo. Ogola alipewa mmoja ambaye jicho lake moja lilikuwa limepotoka. Alifikiri kumtupa njiani. Lakini nyapara mwenye chumba, majirani wakija, ni vizuri wakute kitu cha kizungu, na kitu kilichokaa juu ya sanduku hakimdhuru mtu. Achola alimpokea kwa mikono miwili, akamweka juu ya sanduku la nguo, karibu na dirisha.

"Na ndani yake ni ule udongo?" aliuliza.

"Ni ule ule," Ogola alisema, kwa kuwa jibu jingine lilikuwa refu na alikuwa amechoka.

Siku moja alirudi akakuta kinyonga amegeuzwa, ubavu mmoja umeelekea ukutani. Alimuuliza Achola. Achola akasema lile jicho lililopotoka linamfuata kila aendapo. Ogola alicheka, akasema mwanamke wa Alego kuogopa plasta. Baadaye alimkuta kinyonga hivyo hivyo, na siku zilizofuata pia, mpaka akaacha kumtazama.

Achola alianza kutapika tena, ingawa miezi ya kutapika ilikuwa imepita. Alisema miguu ni kama inatambaliwa na siafu. Majirani walisema ni mtoto wa kiume, wa kiume husumbua. Usiku alijikuna. Ogola alimnunulia mafuta ya kujipaka, akajiambia mimba zote za wengine alizozijua zilikuwa na vituko vyake, na hii angalau ipo.

Mama Zeddy aliugua wakati huo huo. Alikuwa na vidonda pembeni mwa midomo, na sauti yake ikawa kama ya mtu aliyekabwa. Hakuacha kazi. Asubuhi moja, akiwa amekaa mezani, brashi ilimponyoka, akajaribu kuiokota, vidole vikakataa. Ogola alikwenda kumsaidia. Mama Zeddy alimfungulia viganja vyake ili aone. Ngozi ilikuwa imekuwa ngumu, imeota vipele vigumu vidogo vidogo kama punje za wimbi zilizopandwa chini ya ngozi.

Ogola alivitazama vipele vile. Alikuwa ameviona. Alikuwa ameviona asubuhi hiyo hiyo, mkono wa mkewe ulipomnyooshea kikombe cha chai, akadhani ni sugu ya kufua.

Hakuomba ruhusa. Alipita mbele ya meza ya Bwana Upesi na aproni yake kiunoni, akasikia akiitwa, hakugeuka.

Achola alikuwa amekaa kizingitini kwenye jua anachagua maharagwe. Alimwona mumewe mchana ule, uso wake ukafurahi, kisha ukaingia shaka. Ogola alimpita, akaenda moja kwa moja kwenye sanduku, akamshika kinyonga. Aliinuka mkononi mwake mwepesi kama kibuyu kilichokauka. Alimgeuza. Ule ubavu wa ukutani haukuwapo. Rangi ilikuwa imekwanguliwa kwa kisu, vizuri, kwa uangalifu, na kutoka shingoni mpaka mkiani nyama yote nyeupe ilikuwa imechimbwa, likabaki gamba la kijani na jicho lililopotoka.

"Nyar Alego," alimwita kwa jina la kwao, "umekula hii?"

Achola alifunika mdomo kwa mkono, akatabasamu kama mtoto aliyekutwa na sukari.

"Nilikwangua rangi kwanza. Mimi si mjinga nile rangi. Nimekula wa ndani tu, kidogo kidogo. Si wewe mwenyewe ulisema ni ule ule?"

 Ogola alipiga magoti mbele yake, akaweka kiganja pale alipozoea kukiweka, akangoja. Alingoja sana.

"Anacheza?"

"Alikuwa anacheza," Achola alisema. "Tangu juzi ametulia. Nadhani amechoka kunipiga." Akapapasa tumbo kwa fahari. "Atakuwa mtoto wa adabu."

Kipkemei ndiye aliyewapeleka hospitali. Alikuwa akipita na mkokoteni, akamwona Ogola amemshika mkewe kwa mkono mmoja na gamba la kijani kwa mkono wa pili. Alitupa magunia chini barabarani, akatandika blanketi la punda, akamsaidia Achola kupanda. Njiani Achola aliuliza kwa nini wote wawili wamenyamaza kama watu wanaotoka makaburini. Kipkemei akamwambia ni punda, anataka kimya. Mawingu yalikuwa yamefunika mlima wa Menengai, na matone ya kwanza yakaanza kuwapiga kabla hawajafika.

Daktari alikuwa mzungu wa makamo, mwenye Kiswahili cha kueleweka na macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Alimlaza Achola kitandani, akamtazama midomo, akamtazama miguu. Alichukua kile chombo chao kama pembe, akakiweka juu ya tumbo, akaweka sikio, akahamisha, akaweka tena. Kisha akainuka, akamuuliza Achola amekula nini.

Achola alimwangalia mumewe.

"Hakuna kitu kibaya, daktari. Udongo mweupe tu, ule wa Kariandusi."

Daktari alitikisa kichwa kama mtu aliyesikia hayo mara nyingi. Alisema wanawake wengi wanakula udongo, unaleta minyoo na kukausha damu, atampa dawa. Akaenda kwenye kabati kutafuta chupa.

Ogola alikuwa amesimama karibu na mlango, gamba limefichwa chini ya aproni. Angeweza kunyamaza. Dawa ya minyoo ingetolewa, wangerudi nyumbani, kesho angesema alikuwa na homa, na pipa lingemngoja. Akisema, chumba kimekwenda. Akisema, watauliza nani aliyekoroga, na hawatamwuliza Bwana Upesi kwanza. Alikuwa amemwona Gachanja akipanda lori bila kosa lolote. Yeye alikuwa na kosa.

Ndipo akaiona rafu. Ilikuwa juu ya meza ya daktari, dirishani, mahali pa kuonekana. Tembo. Kobe. Heroe kwa mguu mmoja. Na mwisho wa mstari, kijani kama majani baada ya mvua ya kwanza, kinyonga. Hakukosekana hata mmoja. Dirisha lilikuwa limefungwa kwa ajili ya mvua na chumba kilianza kunuka kitunguu saumu. Chini ya kinyonga, juu ya meza, nzi walikuwa wamelala chali, na katikati yao kikombe cha chai cha daktari, nusu kimenywewa.

Ogola alitoa gamba, akaliweka mezani.

"Si udongo tu," alisema. "Bwana daktari, usimpe dawa ya minyoo. Ni dawa ya nzige. Iko kwenye rangi, na iko ndani. Mimi ndiye nilikoroga."

Alieleza yote, unga wa Solai, vinyonga waliopondwa, brashi ya Mama Zeddy. Alieleza kwa sauti ya chini, hakumtazama Achola, lakini alimsikia akikaa kitandani. Daktari alilitazama gamba lile, akalikaribia bila kuligusa. Alitazama rafuni. Alikisogeza kikombe chake taratibu mpaka ukingo wa pili wa meza. Kisha akamwita dresa, msaidizi wake, kwa sauti kali, akamtajia dawa nyingine, akarudi kitandani na ile pembe yake.

Safari hii alisikiliza kwa muda mrefu zaidi. Mvua ilikuwa imeshika mabati, akainua mkono kuwanyamazisha, ingawa hakuna aliyekuwa akisema. Alisikiliza kulia. Alisikiliza kushoto, chini, kushoto tena.

"Amelala?" Achola aliuliza.

 Daktari aliiweka pembe chini, akamgeukia Ogola, akamuuliza ni vinyonga wangapi wameshatoka kiwandani.

Ogola alifungua mdomo. Upande wa stesheni, treni ya mizigo ya Nairobi ilipiga filimbi, ikaanza kujivuta. Yalikuwamo makasha aliyoyapanga kwa mkono wake asubuhi ile, kinyonga juu ya kinyonga, wamelazwa vizuri ndani ya nyasi kavu ili wasivunjike.